Rimoti iliyokoroma Langoni: kisa cha kuipa emuleta sauti ya spika ya mkononi

Chumba cha michezo kiko Langoni, mjini Lamu, ndani ya nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe. Kina televisheni moja, kompyuta ya mtumba inayotumia Linux, na rimoti nne za Wii, konsoli ya michezo ya Nintendo. Konsoli yenyewe ilikufa kwa kisoma diski, lakini diski zake zilikuwa zimeshanakiliwa, kwa hiyo michezo ikahamia kwenye emuleta ndogo ya chanzo huria, yaani programu inayoiga konsoli, ambayo vijana wa hapo mjini wanaichangia msimbo. Rimoti ziliunganishwa kwa Bluetooth. Vitufe vilifanya kazi, mtetemo ulifanya kazi, kielekezi kilifanya kazi. Spika ilikuwa kimya.

Kwa mchezo wa tenisi ukimya huo si jambo dogo. Mlio wa raketi kugonga mpira umetengenezwa utoke mkononi mwa mchezaji, nao ndio unaomwambia kwamba amepiga kwa wakati. Sauti ilipoanza kutumwa kwenye rimoti, mtoto aliyekuwa akicheza alimwambia mwenye chumba: “Ami, rimoti yakoroma.” Neno hilo lilieleza hitilafu vizuri. Sauti ilikuwa imefika, lakini kwa vipande, na baada ya dakika chache rimoti ilijizima. Uchambuzi huu unafuata kazi tangu ukimya hadi mlio safi, kwa sababu makosa yalikuwa zaidi ya moja na kila moja lilikuwa limejificha nyuma ya lingine.

Kwanza, spika yenyewe. Rimoti ya Wii, iliyotoka mwaka 2006, ina spika ya piezo yenye kipenyo cha milimita 21. Inapokea sauti kwa namna mbili: PCM ya biti 8, yaani sampuli za sauti (vipimo vyake vya papo kwa papo) kama zilivyo, au ADPCM ya Yamaha ya biti 4, inayobana sauti kwa kutunza tofauti tu kati ya sampuli na sampuli. Mchezo huu wa tenisi hutumia ya pili, ambayo kila baiti moja hubeba sampuli mbili. Kasi ni sampuli 6000 kwa sekunde, chini ya simu ya mezani inayokwenda 8000. Kwa hiyo asitegemee mtu muziki. Spika hii ni ya kugonga, kupasua na kulia.

Ukimya

Mchezo huongea na rimoti kwa ripoti, yaani jumbe fupi zenye namba; alama ya 0x huonyesha kwamba namba imeandikwa kwa msingi wa 16. Zinazohusu spika ni nne: 0x14 ya kuiwasha, 0x19 ya kuinyamazisha, 0x16 ya kuandika kwenye rejista (vijisehemu vya kumbukumbu ndani ya rimoti), na 0x18 inayobeba sauti. Rejista za spika zinaanzia 0xA20000. Mpangilio wa kuiamsha hauruki hatua. Washa kwa kutuma 0x04 kwenye ripoti 0x14. Nyamazisha kwa 0x04 kwenye 0x19. Andika 0x01 kwenye 0xA20009, kisha 0x08 kwenye 0xA20001. Andika baiti saba za mipangilio kuanzia 0xA20001, kisha 0x01 kwenye 0xA20008. Mwisho ondoa unyamazishaji kwa 0x00 kwenye 0x19.

Emuleta ilikuwa inazipokea ripoti hizi na kuzitupa, huku ikiujibu mchezo kwamba zimefanikiwa. Ndiyo maana hakuna kosa lililoonekana popote. Hatua ya kwanza ikawa kuziandika zote kwenye faili ya kumbukumbu pamoja na saa zake kwa milisekunde. Kazi hiyo ifanyike kabla ya kuandika mstari wowote wa kucheza sauti, maana bila faili hiyo kila kitakachofuata ni kubahatisha.

Baiti saba zilizotoka kwenye mchezo zilianza hivi: 00 00 D0 07 40. Baiti ya pili ndiyo aina ya sauti, 0x00 kwa ADPCM na 0x40 kwa PCM. Ya tatu na ya nne ni kigawanyo cha kasi, baiti ndogo ikitangulia, kwa hiyo D0 07 inasomwa 0x07D0, yaani 2000. Ya tano ni ukubwa wa sauti. Msimbo wa kwanza ulikigeuza kigawanyo ukasoma 0xD007, ambayo ni 53255. Kasi ikaanguka chini ya sampuli 230 kwa sekunde, na kilichotoka kilikuwa mvumo wa chini usio na umbo. Ni kosa la kawaida hapa, kwa sababu anwani za rejista kwenye ripoti ileile ya 0x16 hutanguliza baiti kubwa. Mtu akishazoea upande mmoja, mkono unaandika hivyohivyo hadi mwisho.

Kisha ni hesabu ya kasi. Kanuni inayozunguka kwa watengenezaji inasema: gawa 6,000,000 kwa kigawanyo. Hapa jibu ni 3000, na ukicheza sampuli 3000 kwa sekunde mlio wa raketi unashuka okteva nzima na kuchukua muda maradufu. Tofauti hiyo inasikika hata kwa asiye fundi: mpira unasikika kama nazi iliyodondoka. Emuleta ya Dolphin, ambayo msimbo wake uko wazi tangu 2008, inazidisha jibu hilo mara mbili, na saa za kwenye faili ya kumbukumbu zinakubaliana nayo. Namna nyepesi ya kulishika ni kuchukulia kwamba 3000 ni baiti kwa sekunde, na kila baiti ina sampuli mbili.

Kufungua sauti kwenye faili kwanza

Ripoti ya 0x18, yaani pakiti moja ya sauti, ina baiti moja ya urefu na baiti 20 za sauti. Urefu umesogezwa biti tatu kwenda kushoto, kwa hiyo 20 inaandikwa 0xA0. Asiyejua hilo atasoma 160 na kuchukua takataka za kumbukumbu zilizo baada ya pakiti. Biti ya chini kabisa ya baiti hiyohiyo ni ya mota ya mtetemo, jambo litakalorudi baadaye.

Kufungua ADPCM ya Yamaha hakuhitaji maktaba kubwa. Kuna namba mbili tu za kutunza: makadirio, yanayoanza 0, na hatua, inayoanza 127. Kila nusu baiti ina biti moja ya alama na biti tatu za kiasi. Chukua kiasi, zidisha kwa mbili, ongeza moja, zidisha kwa hatua, gawa kwa 8, kisha ongeza au toa kwenye makadirio kulingana na alama. Makadirio yabanwe ndani ya biti 16. Halafu hatua izidishwe kwa 230, 230, 230, 230, 307, 409, 512 au 614 kufuatana na kiasi, igawanywe kwa 256, na ibanwe kati ya 127 na 24576. Basi.

Mtego uko kwenye mpangilio. Vijana waliazima kifunguzi kilichoandikwa kwa ajili ya faili za sauti za kawaida, ambacho huanza na nusu ya chini ya baiti. Rimoti huanza na nusu ya juu. Matokeo yake yanadanganya kweli, kwa sababu mlio unatambulika, unaanza na kuisha mahali pake, ila umefunikwa na mchanga. Siku nzima ilipotea kwenye kuchunguza Bluetooth wakati kosa lilikuwa nusu ya baiti. Lingeshikwa mapema kama pakiti zingefunguliwa kwanza kuwa faili ya WAV ya sampuli 6000, mono, biti 16, na kusikilizwa kwa kipokea sauti cha masikioni. Ikiwa faili haisikiki safi, usiiguse rimoti.

Faili ilipokuwa safi, kuipeleka sauti kwenye spika za televisheni kulikuwa kazi ya alasiri moja: panua sampuli 6000 kuwa 48000, yaani mara nane, kwa kuunganisha pointi kwa mstari badala ya kurudia sampuli ileile mara nane, kisha changanya na sauti ya mchezo. Kwa wachezaji wanne, msogeze kila mmoja kidogo kushoto au kulia. Wapo ambao wangeishia hapo. Mwenye chumba alikataa, na alikuwa na haki: “Wanangu, ikitoka kwenye tivi hawajui ni raketi ya nani. Wataka waisikie mkononi.”

Mkoromo

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Njia iliyochaguliwa mwanzo ilionekana dhahiri: pakiti ikitoka kwenye mchezo, itume papo hapo kwa rimoti kupitia chaneli ya L2CAP (tabaka la Bluetooth linalobeba data) namba 0x13. Baiti ni zilezile, hazikuguswa, na faili imeshathibitisha kwamba ni nzima. Bado rimoti ikakoroma.

Hesabu inaeleza sababu. Pakiti moja ina sampuli 40. Kwa sampuli 6000 kwa sekunde, rimoti inamaliza pakiti 150 kwa sekunde, moja kila milisekunde 6.67. Konsoli halisi ilizituma kwa mwendo huo. Emuleta haiendi hivyo. Inakokotoa fremu nzima ya picha haraka iwezekanavyo, halafu inalala hadi zamu ya fremu inayofuata. Kwa fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina pakiti mbili na nusu. Hivyo rimoti ilikuwa inapokea pakiti mbili au tatu kwa mkupuo, kisha kimya cha zaidi ya milisekunde 10, kisha mkupuo mwingine. Nafasi ya kuhifadhi ndani ya rimoti ni ndogo: mkupuo unaifurika na ziada inapotea, halafu pengo linaikausha. Kufurika na kukauka mara 60 kwa sekunde masikioni ni mkoromo. Kwenye faili ya kumbukumbu ulionekana wazi kabisa, saa za pakiti zikiwa zimelundikana mafungu mafungu kama dagaa kwenye wavu.

Dawa ni foleni na saa. Uzi wa emuleta (mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu) unaweka pakiti kwenye foleni tu. Uzi mwingine, usiofanya kazi nyingine yoyote, unatoa moja kila milisekunde 6.67. Mlio mpya unapoanza, usitoe hadi zifike tatu. Hiyo ni kuchelewa milisekunde 20, ambazo mkono hauzihisi kwenye tenisi. Ukianza na moja, pengo la kwanza linaikausha foleni. Ukisubiri kumi, mlio unafika mpira umeshavuka wavu.

Uzi huo wa saa usilale kwa kipimo cha kutoka sasa. Ukiuambia kila mara “lala milisekunde 6.67”, muda wa kutuma unajumlishwa juu yake na mwendo unateleza nyuma kidogo kidogo hadi foleni ifurike. Hesabu wakati kamili wa pakiti ijayo, ongeza 6.67 juu ya ule wa zamani, kisha lala hadi wakati huo ufike. Kwenye Linux, clock_nanosleep yenye TIMER_ABSTIME inafanya hivyo. Anayejenga kwa ajili ya Windows akumbuke kwamba saa yake ya kawaida hupiga kila milisekunde 15.6, kwa hiyo usingizi wa 6.67 unaweza kugeuka 15.6 asipoomba saa yenye mapigo ya karibu zaidi.

Baada ya foleni, mkoromo uliisha, ila yakabaki mambo matatu. La kwanza, mtetemo ulikatika kila mlio ulipotoka. Uzi wa saa ulikuwa unajenga baiti ya urefu upya, 0xA0, na kuifuta biti ya chini. Kila ripoti inayokwenda kwa rimoti hubeba biti ya mota, na ripoti ya mwisho ndiyo inayosikilizwa. Kwa hiyo biti hiyo ichukuliwe kutoka hali ya sasa ya mtetemo wakati wa kutuma, isitoke kwenye pakiti iliyokaa foleni.

La pili, mchezo wenyewe uliganda mara moja moja mwanzoni. Emuleta ilikuwa inaandika rejista za spika kwa ripoti zake za 0x16, na rimoti hujibu kila andiko kwa ripoti 0x22. Majibu hayo yalikuwa yanapitishwa hadi kwenye mchezo, ambao haukuuliza chochote, nao ukachanganyikiwa. Jibu la andiko la emuleta liishie kwenye emuleta. Na andiko linalofuata lisitumwe kabla jibu la lililotangulia halijafika.

La tatu ndilo lililofundisha mengi. Mchezo ukisimamishwa katikati ya mlio, rimoti ilitoa “tk” kubwa, na mlio uliofuata ulisikika umebanwa. Foleni ilipokauka, msimbo ulijaza kimya kwa baiti za 0x00. Katika PCM hilo ni sawa. Katika ADPCM, nusu baiti ya 0 haimaanishi “baki hapo”, bali “panda kidogo”. Hatua ikiwa 127, kila sampuli inapanda 15, na kwa sampuli 6000 kwa sekunde makadirio yanagonga dari ya 32767 kwa muda usiofika nusu sekunde. Mlio unaofuata unaanzia darini, hauna pa kupanda. Kimya sahihi ni baiti 0x08: nusu ya juu inapanda 15, nusu ya chini inashuka 15. Kubadilisha tarakimu moja kulimaliza “tk” hiyo.

Sababu ileile inakataza kutupa pakiti ya katikati pale foleni inapozidi. Kila sampuli inategemea ile iliyotangulia, kwa hiyo pakiti iliyotupwa inayaacha makadirio ya rimoti mbali na yale ya mchezo. Kama lazima kupunguza, fungua pakiti, punguza kwenye sampuli zilizofunguliwa, kisha zifunge upya. Vijana walichagua njia rahisi zaidi: ziada inasubiri hadi mlio uishe, kisha pakiti za kimya zilizobaki ndizo zinazotupwa. Kwa milio mifupi ya tenisi inatosha kabisa.

Ukuta, chumvi na betri

Msimbo ulipokuwa sawa, rimoti mbili kati ya nne bado zilijizima. Hapa Lamu yenyewe iliingia kwenye hesabu.

Kompyuta ilikuwa chumba cha ndani na televisheni chumba cha nje, kati yao ukuta mnene wa matumbawe na chokaa. Vitufe hutuma taarifa ndogo na zikirudiwa hakuna anayehisi. Sauti haina muda wa kurudiwa. Tena adapta ya Bluetooth ilichomekwa kwenye tundu la USB 3.0, na vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele kwenye masafa ya 2.4 GHz ambayo Bluetooth inayatumia, pamoja na Wi-Fi. Waya wa USB wa mita tatu ulichomekwa kwenye tundu la USB 2.0, ukapitishwa juu ya mlango, na adapta ikakaa chini ya televisheni. Wi-Fi ya kompyuta ikahamishiwa 5 GHz. Hakuna mstari wa msimbo unaoweza kufanya kazi ya waya huo.

Zile rimoti mbili zilipofunguliwa nyuma, springi za betri zilikuwa na ukoko wa kijani na mweupe. Hewa ya chumvi inakula shaba, na betri zilizovuja zinamalizia. Ukoko huo unazuia umeme. Kitufe kinahitaji kidogo, hivyo rimoti inaonekana nzima, lakini spika na mota zikidai kwa pamoja, volti inaporomoka na rimoti inajizima. Ndiyo maana ilionekana kama kosa la sauti. Springi zilisuguliwa kwa kijiti cha pamba chenye maji ya ndimu, zikafutwa kwa spiriti na kuachwa zikauke kabisa kabla ya kurudisha betri. Kijiti cha kwanza kilitoka kijani kama majani ya mkunazi. Betri za kuchaji za volti 1.2 zinakubalika, lakini mbili kwa pamoja zinaanza na 2.4 badala ya 3.0, kwa hiyo springi chafu zinazitesa zaidi. Emuleta sasa inasoma kiwango cha betri kwenye ripoti ya hali, 0x20, na kikishuka sana sauti inahamia kwenye televisheni kabla rimoti haijakatika. Ni tabia nzuri, na kila emuleta ingefaa iwe nayo.

Dolphin ina njia nyingine pia, ya kuukabidhi mchezo adapta nzima ya Bluetooth. Hapa haikufaa kuiga, kwa kuwa adapta ni moja na kibodi nayo inaitegemea.

Lililobaki halijapatiwa dawa kamili. Kwenye uwanja wenye watazamaji wengi kompyuta hii inashuka hadi asilimia 80 ya mwendo. Mchezo unatoa pakiti 120 kwa sekunde, rimoti inataka 150, na foleni inakauka hata iwe ndefu kiasi gani. Mtu anaweza kuiandikia rimoti kigawanyo cha 2500 badala ya 2000, ikala 120 na kukaa sawa, kwa gharama ya mlio kushuka kwa kiasi hichohicho. Chaguo hilo limewekwa kwenye mipangilio, limezimwa. Kinachotumika Langoni kwa sasa ni kupunguza ukubwa wa picha hadi mwendo urudi 100, na watoto hawajalalamika kuhusu picha.